Umejaza upepo tairi, na tumbo je?



Wiki hii sitazungumzia viwavijeshi wala bei ya choroko. Nataka tuzungumze kuhusu chombo ambacho wengi wetu hapa Kharumwa tunakitegemea kuliko trekta, nacho ni mwili wako wewe mwenyewe ukiwa juu ya baiskeli.

Ninayemwandikia namfahamu. Unaamka saa kumi usiku. Unajaza upepo tairi zote mbili, unapaka cheni mafuta, unakagua breki na kukaza mpira wa kufungia mzigo mara tatu. Gunia la mpunga liko kwenye keria, au mkaa, au madumu ya maziwa, au matenga ya nyanya, na safari ni ya saa nne au tano kwenda mnadani. Baiskeli umeihudumia vizuri kabisa. Sasa nikuulize: wewe mwenyewe umeweka nini tumboni? Mara nyingi jibu ni kikombe kimoja cha chai ya rangi, na "nitakula nikishauza."

Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku moja barabara ikanifundisha.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2016. Pikipiki za maofisa ugani zilikuja mwaka 2022. Kabla ya hapo mimi nilikuwa mtu wa baiskeli kama wewe. Siku hiyo nilikuwa na vijiji vitatu vya kupitia upande wa Nyijundu kufundisha uhifadhi wa nafaka. Kwenye keria nilikuwa nimefunga mizani, kiroba cha mahindi ya kufanyia mfano, na bando la ile mifuko tunayoiita "kinga njaa". Niliondoka saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimekunywa chai tupu. Jana yake usiku nilikula kidogo, maana nilirudi nimechoka nikalala.

Saa mbili za mwanzo nilikwenda vizuri, hata nikawa najisifu moyoni. Halafu mambo yakabadilika kwa haraka ambayo sikuitegemea. Miguu ilikuwa mizito kama nimefungiwa mchanga. Nikatoa jasho, lakini jasho la baridi. Mikono ilitetemeka kwenye usukani. Nikaanza kumkasirikia mtu ambaye hata hakuwepo pale, kwa jambo la mwezi uliopita. Lori la kubeba mawe lilikuja nyuma yangu likipiga honi. Niliisikia honi ile, lakini akili haikuniambia nitoke barabarani. Niliihama njia dakika ya mwisho kabisa, nikaangukia majani pembeni na baiskeli juu yangu. Dereva alipunguza mwendo, akanitazama, akaendelea.

Nilijikokota nikisukuma baiskeli mpaka kibanda cha kwanza. Mama mmoja wa makamo alikuwa anauza viazi vya kuchemsha na maji ya kunywa. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akaniangalia usoni. Nikamwambia nimepatwa na malaria, nikamuuliza duka la dawa liko wapi nikanunue dawa mseto.

Hakunionesha duka. Aliniuliza, "Mwanangu, tangu asubuhi umekula nini?"

Nikanyamaza. Akaniwekea viazi vitatu kwenye sahani na kikombe cha maji aliyokoroga sukari, akasema nianze na yale maji. Baada ya kama robo saa nilikuwa mtu mwingine. Kutetemeka kuliisha, macho yakaona vizuri, na ile hasira sikukumbuka hata ilianza vipi. Malaria haiponi kwa viazi vitatu. Ilikuwa njaa.

Lakini jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile si kuanguka. Nilipokaa tu nilimlipa yule mama kabla sijala, kwa sababu nilidhani nitazimia na sikutaka nife na deni. Viazi vilikuwa vya shilingi 500. Nilimpa noti nikiamini ni ya elfu moja. Nilipomaliza kula akanirudishia ile ile noti akisema, "Hii ni elfu kumi, mwanangu. Nilikuwa nasubiri akili irudi."

Fikiria ningekuwa naenda mnadani na gunia la mpunga.

Akili huondoka kabla ya miguu

Ewe mfanyabiashara mdogo, hapa ndipo penye hasara yako. Ubongo wa mtu mzima unatumia takriban moja ya tano ya nguvu yote ya mwili hata ukiwa umekaa tu, na chakula chake kikuu ni sukari iliyo kwenye damu. Sukari hiyo ikishuka, ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Unakuwa mkali bila sababu, hesabu zinakupotea, unakubali jambo ili tu liishe.

Sasa kumbuka mnadani inakuwaje. Unafika saa nne au saa tano umeishiwa kabisa. Dalali anakuona kwa mbali, anajua huyu amechoka. Anakutajia bei ya kwanza, ya chini. Ungekuwa umeshiba ungecheka, ungetembea kwa mwenzake, ungerudi. Lakini unachotaka wakati ule ni kushusha gunia, ukae kivulini, ule. Unasema, "Chukua." Nimekaa na wakulima wengi wakinieleza kwamba walipunjwa, na nikiwauliza walikula nini siku hiyo, wanacheka kwa aibu. Mwingine alibisha kuhusu mizani, kumbe mizani ilikuwa sawa, yeye ndiye aliyehesabu madebe vibaya.

Kwa hiyo usidhani haya ni mambo ya tumbo peke yake. Ni mambo ya mfuko wako, na ya kurudi nyumbani salama kwenye barabara yenye malori.

Debe la jikoni na kihenge cha uani

Nieleze kinachotokea mwilini kwa mfano wa nyumbani kwako. Jikoni una debe la unga, na uani una kihenge kilichojaa. Ukitaka kusonga ugali sasa hivi unachota kwenye debe. Kihenge kina chakula kingi zaidi, lakini mpaka upande, utoe, upukuchue, upeleke mashineni, jioni imefika.

Mwili nao una debe na kihenge. Kihenge ni mafuta. Hata mtu mwembamba ana akiba ya mafuta ya kumtosha siku nyingi, ila hutoka polepole. Debe ni wanga ambao mwili umeuhifadhi kwenye misuli na kwenye ini, na kwa mtu mzima jumla yake ni kama gramu 400 hadi 500 tu. Hiyo ni takriban nusu kilo. Ukiendesha baiskeli kwa nguvu, mzigo mgongoni mwa keria, njia ya changarawe na upepo wa usoni, debe hilo hukauka baada ya saa moja na nusu au mbili, pengine kidogo zaidi ukienda taratibu. Likikauka kabla hujaongeza, mwili unalazimika kuishi kwa kihenge peke yake, na kasi ile huiwezi tena. Ndipo miguu inakuwa mizito ghafla.

Ukilala usiku kucha bila kula, ini hutumia akiba yake kukutunza wewe na ubongo wako. Kwa hiyo asubuhi unaamka debe likiwa limeshapungua. Ukiondoka na chai tupu, unaanza safari na debe lililopungua. Mimi siku ile niliongeza kosa lingine, nilikula kidogo usiku. Hesabu yangu ilikuwa imekwisha kabla sijapanda baiskeli.

Tupige hesabu kidogo. Mtu mzima anayeendesha baiskeli kwa mwendo wa wastani anatumia takriban kalori 400 hadi 600 kwa saa. Safari ya saa nne ni kama kalori 2,000. Kilo moja ya unga wa dona ina kalori kama 3,600. Maana yake safari yako ya kwenda tu inakula zaidi ya nusu kilo ya unga. Huwezi kuilipa hesabu hiyo kwa kikombe cha chai.

Tunapolima, maksai tunawafunga jembe alfajiri, na jua likiwa kali tunawafungua wakale na kunywa maji. Hakuna mzee wa Kisukuma atakayekubali maksai wake walime mpaka saa nane bila kunywa. Mzee huyo huyo anampeleka kijana wake kilomita nyingi na gunia, akiwa na chai tupu tumboni.

Hata bingwa alipatwa

Usione aibu kama imeshakukuta. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na ujanani alijifunza baiskeli kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya. Baadaye akashinda mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli, Tour de France ya Ufaransa, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Tarehe 18 Julai 2013 alikuwa anaongoza mashindano hayo, amevaa jezi ya njano, wanapanda mlima mrefu uitwao Alpe d'Huez. Zikiwa zimebaki kama kilomita tano kufika kileleni, nguvu zilimwishia. Aliinua mkono kuomba msaada. Mwenzake wa timu, Richie Porte, alirudi nyuma kwenye gari la timu akamchukulia kipakiti cha sukari nzito. Sehemu ile sheria ilikuwa hairuhusu tena kupokea chakula, kwa hiyo wote wawili waliadhibiwa kwa kuongezewa sekunde 20. Froome aliikubali adhabu hiyo, maana bila ile sukari angepoteza muda mwingi zaidi. Siku tatu baadaye alishinda mashindano yote.

Bingwa yule alikuwa na madaktari, wapishi na magari ya kumfuata, na bado debe lilimkaukia. Wewe una kiroba chako tu. Basi kiroba hicho kiwe na kitu ndani.

Kabla ya kuondoka

Safari inaanza kwa chakula cha usiku. Kula ugali au wali wa kutosha, na mboga yako ya dengu, choroko au dagaa. Hapo ndipo debe linajazwa.

Asubuhi, kama unaweza kula saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, kula vizuri. Najua wengi hamuwezi, maana mnaondoka gizani. Basi kula kidogo nusu saa kabla: kikombe kikubwa cha uji mzito wenye sukari, au viazi viwili vya kuchemsha, au matobolwa na chai. Epuka chakula chenye mafuta mengi kama chapati tatu na supu ya utumbo dakika chache kabla ya kupanda. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na damu inayotakiwa miguuni inabaki ikishughulika na tumbo. Wengine hutapika njiani wakadhani wamelogwa.

Ukiwa njiani

Kanuni ni moja: kula kabla hujasikia njaa. Ukisubiri njaa, umeshachelewa. Ukishaendesha dakika 30 au 45, anza kula kidogo kidogo, na endelea hivyo kila nusu saa. Kwa safari ya zaidi ya saa moja na nusu mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa. Kwa vipimo vyetu, chagua moja kati ya hivi kwa kila saa:

- ndizi mbivu mbili;
- kiazi kitamu kimoja kikubwa cha kuchemsha;
- konzi moja kubwa ya michembe au matobolwa;
- vijiko viwili au vitatu vikubwa vya asali, ukifuatisha maji;
- chupa ya uji mwepesi wenye sukari, au togwa.

Michembe naitaja kwa makusudi. Vijana wengine wanaiona ni chakula cha bibi. Lakini tazama ilivyo: haina maji, haiharibiki, haipondeki mfukoni, na sehemu kubwa ya uzito wake ni wanga mtupu. Watu wa Ulaya wananunua vyakula vya safari vilivyofungwa kwenye karatasi zinazong'aa, na kazi yake ni hii hii. Bibi yako alikitengeneza kwa kisu na jua. Kinachotakiwa ni kukausha juu ya chanja au turubai safi, si kwenye udongo, na kuhifadhi pakavu ili isiote ukungu. Ikiota ukungu usiile wala usimlishe mtu. Hayo hayo nayasema kuhusu karanga na mahindi: sumukuvu haionekani kwa macho, haitoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Karanga ni nzuri, ila usizitegemee peke yake kwenye mlima. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, yaani ni chakula cha kihenge, kinatoka polepole. Zile mwanzoni mwa safari au ukishafika, na njiani tumia viazi na ndizi.

Maji na chumvi

Kwa jua la mwezi wa nane na wa tisa, beba maji yasiyopungua nusu lita kwa kila saa ya safari, na kunywa kwa mafunda machache kila dakika 15 au 20. Usinywe lita mbili kwa mpigo ukifika kisimani. Maji mengi mno bila chumvi wala chakula nayo yana madhara, hupunguza nguvu ya chumvi kwenye damu, mtu akaumwa kichwa na kuchanganyikiwa.

Siku ya jasho jingi tengeneza kinywaji hiki: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa juu, na chumvi nusu kijiko cha chai. Ndiyo ile ile tunayowapa watoto wenye kuhara. Usizidishe chumvi. Ukikamulia ndimu au ukaweka maji ya ukwaju, kinanyweka vizuri. Ila kumbuka sukari iliyomo ni kidogo, kwa hiyo bado lazima ule.

Sisi tunaoishi kwenye ukanda wa dhahabu tuna onyo letu peke yetu. Usichote maji ya kunywa kwenye madimbwi yaliyo karibu na makarasha au mahali wanapochenjulia dhahabu, hata yakiwa meupe kama ya mvua. Panatumika zebaki, na pengine sianidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki. Beba maji yako kutoka nyumbani.

Vinavyodanganya

Soda moja ina sukari ya kama gramu 30 hadi 40, na kwa mtu aliyeishiwa nguvu njiani inasaidia kweli. Siipingi. Tatizo ni kuifanya kuwa kifungua kinywa. Inakupandisha, na kama hujaifuatisha na chakula, baada ya muda unarudi ulikokuwa.

Vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wanaviita enaji, vina sukari na kafeini. Kafeini inakuondolea hisia ya uchovu, haijazi debe. Ni kama kuziba masikio ili usisikie cheni inavyolia. Wapo wanaokunywa chupa tatu au nne kwa siku na moyo unakwenda mbio. Usifanye hivyo.

Pombe ni mbaya zaidi. Komoni au gongo ya asubuhi "ya kupasha mwili" inalizuia ini lisitoe sukari ambayo ubongo wako unaisubiri. Mtu aliyekunywa bila kula anaweza kuanguka hata bila kulewa sana.

Ikikukuta

Ukianza kuona dalili hizi, jasho la baridi, kutetemeka, hasira ya ghafla, ukungu machoni, kusahau unakokwenda, shuka. Usijipe moyo kwamba ni mteremko tu umebaki. Mteremkoni ukiwa na gunia, mikono inatetemeka kwenye breki, ndipo watu wanapovunjika.

Kaa kivulini. Kunywa au kula kitu kitamu cha haraka: maji ya sukari, asali, soda, muwa. Subiri dakika 10 mpaka 15. Halafu kula kitu cha kukaa tumboni kama viazi au ugali. Ukipata nafuu, endelea polepole, na chakula kiwe mkononi.

Ukimkuta mwenzako ameanguka na hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni, kitamwingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri, mpeleke zahanati. Mwenye ugonjwa wa kisukari anayetumia dawa asifunge safari hizi bila kuongea na mhudumu wake wa afya kwanza, maana hesabu yake ni tofauti na hii niliyoandika.

Na kama umekula, umepumzika, lakini bado unatetemeka au una homa, nenda ukapime malaria. Kipimo cha haraka kinachukua kama robo saa. Mimi siku ile ningekunywa dawa mseto kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, ningetupa hela, na bado ningekuwa na njaa.

Ukishafika, na kabla ya kurudi

Ukifika mnadani, kabla hujazungumza bei na mtu yeyote, kaa chini dakika kumi, kunywa maji, kula. Hili nawaambia hata wale waliosahau yote ya juu. Usitaje bei ukiwa na njaa.

Ukishauza, kula chakula kamili: ugali na maharage, wali na dagaa, au ugali na mtindi. Wanga unarudisha debe, na vile vingine vinakarabati misuli. Angalia pia mkojo wako. Ukiwa na rangi ya majani ya chai, bado una deni la maji. Kurudi nyumbani bila mzigo kunadanganya. Baiskeli nyepesi, lakini debe tupu, jua la saa nane, na hela mfukoni. Weka ndizi mbili kwa ajili ya njia ya kurudi.

Gharama yake

Najua utakachosema: hela hakuna, kila mia ina kazi yake. Hebu fanya hivi. Safari ijayo, andika kwenye daftari lako la biashara mstari mmoja unaoitwa "chakula cha njiani". Weka hapo viazi, ndizi na sukari ulivyotumia. Kwa viazi na michembe ya shambani kwako, gharama ni ndogo sana. Halafu linganisha na bei uliyouza siku uliyokula na siku ambayo hukula. Spoku ikikatika unanunua bila kulalamika. Wewe ndiye injini ya baiskeli hiyo. Hakuna mtu anayemwambia mwenye pikipiki atatia mafuta akishauza.

Yule mama wa viazi nilipita kwake mara nyingi baada ya siku ile, na kila mara nilinunua viazi vya shilingi 500 hata nikiwa nimeshiba. Alikuwa akiniona tu kwa mbali ananiuliza kwa sauti, mbele ya watu, "Bwana shamba, umekula?" Ilinitia aibu mwanzoni. Baadaye nikaanza kuwauliza wakulima wangu swali hilo kabla ya kuuliza habari za shamba, na nikagundua mengi niliyokuwa nayaita uzembe au ubishi yalikuwa njaa tu.

Basi leo usiku, ukimaliza kufunga gunia na kukaza mpira, chukua kiroba kidogo. Tia michembe konzi nne, ndizi mbili, na dumu la maji la lita tatu lifunge pembeni. Kifunge kiroba mbele kwenye usukani, mahali ambapo mkono unafika bila kushuka, kwa sababu chakula kilichofungwa chini ya gunia hakiliwi mpaka ufike.

Safari njema, na biashara njema mnadani.